Tangi la Mjomba

Mjomba wangu hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu angekuwa mwizi kazi yangu ingekuwa nyepesi. Ningemwandika, ningemlaani, nikahamia upande wa watu safi na kulala usingizi. Lakini alikuwa mtu mwema, tena mwema wa kuchosha, wale wanaokuuliza habari ya kila mtu uliyemwacha mjini mpaka unasahau kilichokuleta. Na kwetu Uluguruni mjomba si ndugu wa kupita. Ukoo unafuata mama, shamba linafuata mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama yake. Baba yangu nilimpenda sana, lakini aliyeamua kwamba nisome ni mjomba. Siku ya kwanza ya shule ya bweni alinishusha mlimani kwa miguu, sanduku langu la bati kichwani kwake, akimsimamisha kila aliyekutana naye ili amwambie mpwa wake anakwenda sekondari.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa kwa mpigo, maduka, vyama, biashara ya mazao, na magazeti yakaota kama uyoga. Mimi nilikuwa mwalimu niliyechoka chaki, nikajikuta mwandishi wa gazeti moja la Dar, makazi yangu Morogoro mjini. Habari zangu nilizituma kwa simu ya posta, nikipiga kelele mpaka foleni nzima ikazijua kabla ya msomaji. Niliandika juu ya kalvati lililomeza trekta la miwa kule Turiani, na juu ya mfereji wa sokoni uliojengwa ukiwa umeinamia upande usiofaa, maji yakawa yanarudi yalikotoka. Baada ya hapo wauza nyanya walianza kunionyesha kwa kidole, wakasema yule ndiye mama uchunguzi. Nililipenda jina hilo kupita kiasi, na kichwa kilivimba.

Kisha tangi likapasuka Mgeta, kijijini kwetu. Lilikuwa tangi la maji la zege, limejengwa juu ya kilima kwa msaada wa wafadhili na nguvu za wanakijiji, na mjomba alikuwa mwenyekiti wa kamati yake. Halikumaliza hata masika yake ya kwanza. Ukuta mmoja uliachia alfajiri, maji na vipande vya zege vikateremka vikakuta nyumba ya mwanamke mmoja aliyekuwa anawasha moto wa chai. Alifia pale pale. Nilipanda kuzika, nikalia na wenzangu, nikasikia wakisema ni mvua, mvua ya mwaka huu haijapata kuonekana, nikaitikia kwa kichwa na kushuka. Mama uchunguzi hakuuliza swali hata moja. Nilikuwa kwetu, na kwetu sikuwa mwandishi.

Matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa, ndipo mwanamke kijana, mwenye mtoto mgongoni, alipogonga mlango wangu pale mjini. Sikumjua.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye wa gazeti?"

"Marahaba. Ndiye. Karibu."

Hakukaa. Alisimama mlangoni, akaeleza kwamba mumewe ndiye fundi aliyejenga lile tangi la Mgeta, na sasa yuko rumande. Wanasema aliuza saruji ya mradi, akachanganya zege jepesi, mtu akafa.

"Hajauza," alisema. "Angeuza ningekuja hapa na kandambili hizi? Nimekwenda huko juu mwenyewe. Nimegonga kila mlango. Wananipa pole, wananipa viazi nimpelekee mtoto, nikiuliza habari ya tangi wanatazama chini. Watu gani wale, dada?"

Nilipaswa kumwambia: ni sisi, mdogo wangu, ni watu wangu. Nikasema, "Nitakwenda kuuliza." Alinishukuru kwa kupiga magoti kidogo, na mtoto mgongoni akanitazama kwa jicho moja juu ya bega la mama yake. Nilipofunga mlango niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nilipanda na lori la kabichi. Malori yale hupanda matupu na kushuka yamefura, kabichi, karoti, viazi, njegere, vyote vya kuwahi soko la Dar kabla havijalegea. Kupanda yakiwa matupu ndiko kunakoyaweka hai, maana barabara ile ina kona ambazo dereva huzungumza na Mungu kwa sauti. Nilikuwa nimepanda hivyo tangu utoto na sikuwa nimewahi kulifikiria hilo kama ushahidi wa kitu chochote.

Tangi lilikuwa limebaki nusu. Sakafu yake ilikuwa nzima. Niligonga kwa jiwe, ikalia kwa ukali. Kuta zilikuwa habari nyingine. Nilichukua kipande cha ukuta, nikakibana mkononi, na mkono wangu huu wa kushika chaki ukakivunja kama ubuyu. Kiganjani kilibaki unga unaometameta. Kila mtoto wa Uluguruni anakijua kimeto kile. Ni ulanga, umejaa kwenye vijito vyetu, tulikuwa tunajipaka mashavuni tukicheza bibi harusi.

Niliwauliza akina mama waliokuwa wanapalilia karibu, mchanga wa kuta ulitoka wapi? Wakaniambia bila kuficha, kwa sababu hawakuona cha kuficha: kijitoni, pale chini ya migomba, waliupandisha wenyewe kwa ndoo vichwani, siku zao za kujitolea. Hata marehemu aliubeba. Na wa sakafu? Huo uliletwa na lori kutoka bondeni. Nani alisema ubadilishwe? Hapo wote wakainama wakaendelea kupalilia. Mmoja akaniambia, bila kuinua uso, "Si umefika nyumbani, mwanetu, nenda kamwamkie mjomba."

Nilikwenda nikamwamkia. Aliniuliza habari za mjini, mtu mmoja mmoja. Sikumuuliza kitu.

Vipande vyangu viwili, cha sakafu na cha ukuta, nilivishusha mjini ndani ya kikapu cha matunda damu, nikavipeleka kwa mhadhiri mmoja wa chuoni anayefundisha mambo ya udongo. Alikuwa mtu wa mzaha, akaniambia hajawahi kuletewa zawadi mbaya hivyo. Nilikuwa nimechukua na mchanga wa kijitoni pia. Aliutia kwenye chupa ya jemu, akajaza maji, akatikisa, akaiweka dirishani tukanywa chai. Tulipomaliza chai mchanga ulikuwa umetulia chini, juu yake tabaka nene la tope, na juu ya tope ulanga ukimetameta.

"Saruji inashika mchanga," alisema. "Hapa haikuwa na cha kushika. Tope linaizuia na ulanga unateleza. Ungeweza kumwaga saruji ya nchi nzima, ukuta usingesimama." Kisha akagonganisha vile vipande viwili vya zege. "Fundi ni yule yule, na huyu wa sakafu kajenga vizuri kabisa. Kilichobadilika ni mchanga. Ningekuwa wewe, ningemtafuta aliyeubadilisha."

Nilimshukuru, nikatoka pale sijui naelekea wapi. Mimi nilikwisha kujua wa kumtafuta. Katika kijiji kile hakuna lililobadilishwa bila neno la mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti wa kamati nilikula ugali wake kwa mchicha siku iliyopita.

Mtu asiyekulia kwetu atauliza, si ungemuuliza tu? Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza, hata angekuwa waziri. Lakini mpwa hamkalii mjomba mbele akamwambia "kwa nini ulifanya hivi". Swali lenyewe ni hukumu, na likishatoka hakuna wa kulirudisha. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kumuuliza mtu mzima jambo lolote, la usiku au la mchana, la kitandani au la kamati, na aliyeulizwa akakasirika akaonekana mjinga. Ni mtani. Ukoo wetu una watani wake hapo hapo mlimani. Wanatutukana misibani, wanakamata kuku wetu, wanatuigiza tunavyotembea, na sisi tunacheka, na siku yao ikifika tunawalipa. Dada wa marehemu alikuwa mtani wetu. Mwanamke wa umri wa makamo, mbeba mizigo wa njia za mlimani, mdomo wake ulijulikana hadi Matombo.

Nilipanda tena, nikaenda kwake kwanza. Nilimweleza habari ya fundi na mkewe, nikamweleza ya chupa ya jemu. Alisikiliza akimenya kiazi kwa muda mrefu kuliko kiazi kilivyohitaji.

"Unataka nikuulizie," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe unaogopa."

"Naogopa."

"Haya. Kesho ukae uwani kwa mjomba wako, ushike kazi mkononi. Usitie neno."

Kesho yake nilikaa uwani nikimenya njegere. Mjomba alikuwa kwenye kigoda, anatengeneza mpini wa jembe. Mtani aliingia na beseni kichwani, hakusalimu, akalitua mbele ya miguu yake. Lilikuwa limejaa mchanga wa kijitoni.

"Mzee wa tangi," alisema, "mzigo wako huu. Niuweke wapi? Tunajenga jingine?"

Mjomba alicheka. Mimi pia nilicheka, na mke wa mjomba akacheka kutoka jikoni. Hivyo ndivyo utani unavyofunguliwa.

"Weka hapo, mtani. Tutajengea kaburi lako."

"Langu litadidimia, nikutokee usiku. Hebu niambie, hivi ule wa lori ulikukosea nini? Ulikutukana?"

"Haukunikosea kitu," mjomba alisema, bado anatabasamu. "Lori likipanda na mchanga linafika jioni limechoka. Halipakii. Kabichi zilikuwa zinaoza kando ya barabara, mtani. Na zako zilikuwepo."

"Zilikuwepo, sikatai. Zilinuka kuliko wewe."

"Dereva akaniambia, mzee, chagua, nipandishe mchanga au nishushe kabichi. Matajiri wa Dar hawasubiri, wana mashamba mengine ya kwenda. Nikachagua."

"Na yule fundi akafurahi."

"Fundi alikataa. Alisema mchanga ule ni mchafu. Nikamwambia kijiji kimeamua, kama hutaki tutaleta fundi mwingine."

"Kijiji kiliamua lini? Mimi nilikuwa wapi?"

"Siku hiyo," mjomba alisema, "kijiji kilikuwa mimi."

Mtani alipiga makofi akainama kwa kicheko. Njegere zilikuwa zinanitoka mikononi na kuanguka chini, sikuziokota.

"Na saruji je, mtani wangu? Mliigawana?"

"Saruji yote iliingia ukutani. Mimi mwenyewe nilikuwepo inamwagwa."

"Mbona polisi wanasema fundi kaiuza?"

Mjomba aliacha kukwangua mpini. "Waliniuliza kama fundi anaweza kuuza saruji," alisema. "Nikasema binadamu anaweza."

Hakuna aliyecheka. Mtani aliendelea kusimama pale, tabasamu lake likiwa bado usoni kwa sababu hakuwa na pa kulipeleka.

"Dada yangu aliubeba sana mchanga huu," alisema.

"Aliubeba sana."

"Alikuwa na nguvu."

"Kuliko wote," mjomba alisema. "Kuliko wote, mtani."

Mtani alimwaga mchanga chini, karibu na miguu ya mjomba, akachukua beseni lake. Akiwa anatoka alimkamata jogoo mkubwa aliyekuwa anadonoa njegere zangu, akamtia kwapani. Ni haki ya mtani. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa mjomba hakufuga jogoo mwingine.

Nilimkimbilia mtani njiani. Nilitaka kumshukuru. Alinikatisha.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi umesikia kama mtoto wa nyumba, si kama gazeti. Mimi nimeuliza kwa utani, naye kajibu kwa utani. Ukilipeleka Dar neno lile, siku nyingine nani atamjibu mtani wake?"

"Na fundi?"

Alimhamisha jogoo kwapa la pili. "Hilo ni la kwenu," alisema. "Mimi langu nimezika."

Nimefanya kazi hii miaka mingi baadaye, na nimepata habari kwa njia ambazo si za kusimulia kanisani. Hakuna iliyonitia aibu kama ile ya uwani. Nilikuwa nimemtuma mfiwa akamuulize aliyemletea msiba, naye akafanya hivyo kwa kicheko kwa ajili yangu, na mimi nimekaa nyuma na sahani ya njegere. Na nilichokipata kilikuwa hakiandikiki. Ningekiandika ningekuwa nimeivunja njia pekee waliyo nayo watu wangu ya kuambiana ukweli bila kuumizana. Nisingekiandika, mwanamke wa kandambili angeendelea kupeleka chakula rumande. Nilimwonea aibu mjomba, nikajionea aibu kwa kumwonea aibu, maana hata kiatu nilichopandia mlima ule nilikijua kwa sababu yeye ndiye aliyenipeleka shule.

Asubuhi nilimkuta kwenye kigoda kile kile, mchanga bado uko miguuni pake, hakuruhusu ufagiliwe. Nilipiga magoti.

"Mjomba, fundi yuko rumande."

Aliutazama mchanga.

"Mkewe alikuja kwangu."

"Ana mtoto?" aliuliza.

"Anaye. Mgongoni bado."

"Alikuja na huku," alisema. "Nilimpa viazi." Kisha akanitazama, na ndiyo mara ya pekee nilimwona mjomba akimtazama mtu bila kumuuliza habari za kwao. "Wewe ulimwambia mimi ni nani wako?"

"Sikumwambia."

"Sote wawili, basi," alisema.

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia. Mkewe alimuuliza anakwenda wapi, akasema anashuka na mpwa wake, ana neno lake la kusema mjini. Dereva wa lori alimpa nafasi ya mbele kama ilivyo desturi kwa wazee, akakataa, akapanda nyuma pamoja nami. Tulishuka tumekaa juu ya kabichi, yeye kashika kofia isipeperuke, na njia nzima hakuniuliza habari ya mtu yeyote.

Habari yenyewe ilitoka, na ilitoka ukurasa wa mbele. Iliandikwa kutokana na maelezo aliyoyatoa mjomba mwenyewe, wazi, mbele ya maofisa, na si kutokana na uwani. Neno la utani sikuligusa mpaka leo, ambapo wote wawili wamekufa. Fundi aliachiwa baada ya kuzungushwa kidogo. Mjomba aliambiwa aachie kamati, akaachia, na kesi yake ikafifia ofisini kama zilivyofifia nyingi. Mhariri alinisifu kwa kupata mtu wa kusema ukweli kwa jina lake. Tangi jipya lilijengwa kwa mchanga wa bondeni, na msimu ule kabichi nyingi zilioza, na kijijini wapo walionilaumu hadharani kwa hilo. Nakala ya gazeti sikuitunza.

Ninachokitunza ni pale nje ya kituo cha polisi, kabla mjomba hajaingia kusema. Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye benchi na bakuli alilolifunga kwa kitambaa, anasubiri kuruhusiwa kumpelekea mumewe. Aliponiona akasimama, akafurahi, akadhani nimemletea habari. Kisha akamwona mzee nyuma yangu, na nikaona anamkumbuka, ni yule wa viazi.

Mjomba alivua kofia. Nilijua angesalimu, lakini nilidhani angemwita binti, kama anavyowaita wote wa umri ule. Aliinamisha kichwa mbele yake, mzee yule, mwenye mvi zile, watu wamejaa barazani wanatazama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Binti yeyote aliyelelewa anajua la kufanya hapo. Anaruka, anashika magoti, anasema hapana baba, mimi ndiye, shikamoo ni yako. Nilimsubiri aseme. Namwambia Mungu ukweli, nilimwomba moyoni aseme, amnusuru, kwa sababu alikuwa mjomba wangu na mbele za watu.

Mke wa fundi alimtazama kwanza mjomba, kisha mimi, kisha mjomba tena. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Marahaba," alisema.

Mjomba akavaa kofia yake, akaingia ndani. Mimi nilibaki naye barazani.

"Huyu ni nani wako, dada?" aliniuliza.

"Mjomba wangu," nilisema.

Aliketi tena kwenye benchi, akaliweka bakuli kwenye nafasi iliyobaki kando yake, na mimi nikabaki nimesimama.